Taa Ikisema Ukweli, Usiizibe Mdomo kwa Rezista

Leo sitaandika kuhusu programu. Ama niseme nitaandika kuhusu moja tu: ile inayokaa ndani ya kisanduku cha chuma katikati ya viti vya mbele vya pikapu yangu, na jinsi watu wawili walivyoifanya idanganye. Mmoja ni fundi aliyelipwa. Wa pili ni mwenye gari aliyemlipa. Nimekasirika, kwa hivyo mtanivumilia.

Haya, tuanze na taa. Kwenye dashibodi kuna kile kialama chekundu cha mtu aliyekaa na mpira mbele ya kifua chake. Hiyo ndiyo taa ya eabegi. Ukiwasha ufunguo inawaka sekunde sita hivi, kompyuta inajikagua, halafu inazima. Ikikataa kuzima, maana yake kompyuta imeona kasoro, na katika magari mengi mfumo wote au sehemu yake haitafanya kazi siku ya ajali.

Yangu ilianza kuwaka mwezi wa tatu. Si kila siku, na hilo ndilo lililonitesa. Nairobi mjini imezima kama kawaida. Nikishuka Voi, nikaacha lami na kuingia ile barabara ya mawe ya kwetu, inawaka na haizimi tena.

Fundi wa kwanza alichomeka skana, akafuta msimbo bila hata kuusoma, akachukua elfu moja. Siku ya tatu taa ikarudi. Wa pili hakuchomeka chochote. Alitikisa usukani, akasema ni ule utepe wa nyaya uliokunjwa nyuma ya usukani, nikanunua wa mtumba kwa elfu nane na mia tano. Taa ikarudi. Hapa najilaumu mwenyewe, maana umeme wa honi hupitia utepe huohuo, na honi yangu ilikuwa inalia vizuri kabisa. Utepe ukikatika, mara nyingi honi na vitufe vya usukani hufa pamoja na eabegi. Ningefikiri dakika mbili ningebaki na hela zangu.

Wa tatu ndiye aliyenifungua macho. "Bosi, hii ni kazi ya dakika kumi. Lete elfu moja mia tano niizime kabisa, haitakusumbua tena." Nikamuuliza anazimaje. Akatoa mfukoni kitu kidogo chenye miguu miwili, kama punje ya mchele. Rezista ya ohmu mbili. Bei yake dukani haizidi shilingi ishirini.

Hebu nieleze ujanja wenyewe. Ndani ya kila eabegi kuna kiwashio, waya mwembamba wenye upinzani wa ohmu mbili hivi. Kompyuta hupitisha mkondo mdogo mno hapo, mdogo kiasi cha kutolipua chochote, ikipima kama upinzani ni ule inaoutarajia. Ukiwa sawa, inaamini eabegi ipo. Haina njia nyingine ya kujua! Kwa hivyo ukitoa eabegi na kuweka rezista ya ohmu mbili, kompyuta inaridhika, taa inazima, na gari linajiona zima.

Sisi tunaoandika programu tunaijua tabia hii vizuri. Ukiwa unajaribu mfumo wa kupokea malipo ya simu, hutaki kutuma pesa za kweli kila mara, kwa hivyo unaandika huduma bandia inayojibu "imelipwa" kila ikiulizwa. Ni chombo halali cha majaribio. Na rezista pia ni chombo halali: fundi mjuzi huichomeka mahali pa eabegi kwa dakika chache, na taa ikizima anajua kasoro imo ndani ya eabegi yenyewe na si kwenye nyaya. Halafu anaitoa. Lakini ukiisahau ile huduma bandia ndani ya mfumo unaotumiwa na wateja, duka litagawa bidhaa bure na ripoti zitasema mauzo yamenoga. Utafukuzwa kazi. Fundi akifanya vivyo hivyo anaambiwa asante na kuongezewa hela ya soda.

Nilimkatalia. Nikaazima skana inayosoma mifumo yote. Kile kidude changu cha bei nafuu cha ELM327 kilikuwa kikiniambia "hakuna kosa" huku taa nyekundu ikinikodolea macho. Ni kwa sababu kiwango cha OBD-II, kilicholazimishwa Marekani kwa magari ya kuanzia mwaka 1996, kilikusudiwa moshi wa injini. Misimbo ya injini huanza na P, na hiyo ni lazima iwe wazi. Ya eabegi huanza na B, na kila kampuni huificha kwa namna yake. Skana ile ikasema: saketi ya eabegi ya abiria, upinzani umezidi.

Nikatoa waya hasi wa betri na kungoja dakika tano. Msicheze hapa. Kompyuta hiyo ina kapasita zinazohifadhi umeme makusudi, ili hata ajali ikikata betri eabegi ilipuke bado. Na kamwe usipime eabegi yenyewe kwa mita, maana mkondo wa mita unaweza kuiwasha ikiwa mapajani mwako. Nikafungua droo ya dashibodi, nikafuata waya wa manjano (nyaya za eabegi kwa kawaida ni za manjano, ili ujue pa kuogopa), nikafika kwenye plagi.

Plagi haikwenda kwenye eabegi. Ilikwenda kwenye fundo la utepe mweusi. Ndani ya utepe, rezista. Risasi ya kulehemu ilikuwa imepasuka, ndiyo sababu barabara ya mawe ilikuwa inaikatiza. Nyuma yake, mahali pa eabegi, palikuwa wazi. Na juu, ukipitisha kidole, unasikia mstari wa gundi pale dashibodi ilipopasuka zamani na kupakwa rangi.

Kwa hivyo eabegi haikuwa imeharibika. Ilikwisha kulipuka katika ajali ambayo sikuambiwa, kabla sijanunua pikapu hii. Mama yangu amekaa kwenye kiti kile miaka miwili, Voi hadi Nairobi na kurudi, kwenye kliniki zake, barabara ya Mombasa, usiku, tukipishana na matrela. Kila nilipowasha gari taa ilituambia yuko salama.

Najua majibu yenu. La kwanza: magari ya zamani hayakuwa na eabegi na watu waliishi. Sawa, lakini hili si gari la zamani. Mkanda katika magari mengi ya siku hizi umetengenezwa uachie kidogo kifua kikibanwa sana, kwa sababu unategemea mfuko upo mbele kumpokea mtu. Ukiondoa mfuko umeharibu na hesabu ya mkanda.

La pili ni zito zaidi: eabegi zenyewe zimeua watu. Ni kweli. Zile za Takata zilitumia amonia naitreti, ambayo joto na unyevu wa miaka mingi huiharibu hadi chombo kikalipuka na kurusha vipande vya chuma. Marekani peke yake ziliitwa zaidi ya milioni 60, na kampuni ikaomba ulinzi wa kufilisika Juni 2017. Sisi tunanunua magari yaliyotumika Japani, na joto la Mombasa tunalijua. Lakini dawa yake ni kuangalia namba ya chasisi kwenye orodha ya mtengenezaji na kubadilisha. Hata kama umeamua kuiondoa, basi acha taa iwake! Mwenye kukaa pale ana haki ya kujua.

La tatu ni bei, na hapa naungana nanyi. Fundi wa jua kali hafichi ukweli kwa kupenda. Kifaa cha kuusoma kinagharimu kuliko gereji yake. Toyota nyingi za miaka ile ya nyuma uliweza kuunganisha tundu mbili za soketi ya uchunguzi, ya 4 na ya 13, kwa kipande cha waya, na taa ya eabegi ikakupepesea msimbo wake bure. Leo mengi yanataka skana ya kulipia kila mwaka. Massachusetts wapiga kura walipitisha mwaka 2012 kwamba mafundi wa nje wapewe taarifa zilezile za mawakala. Ulaya ina kanuni ya mwaka 2007 ya namna hiyo. Mimi naitaka hapa, na naitaka kwa misimbo ya B kabla ya kitu kingine chochote. Mashairi ya matangazo kuhusu "usalama wa familia" wayaweke kando kwanza.

Nimeagiza eabegi mpya. Bei yake siisemi, mke wangu husoma hapa. Mpaka ifike plagi iko wazi, taa inawaka mchana kutwa, na Mama anasafiri kwa basi.

Wewe unayekwenda kununua gari Jumamosi hii: washa ufunguo bila kuwasha injini, utazame. Taa isipowaka kabisa, balbu imeng'olewa. Ikizima sambamba na ile ya oili unapowasha injini, mtu ameunga nyaya zake hapo. Ikizima yenyewe baada ya sekunde sita, bado hujui kitu. Fungua droo ya dashibodi, ingiza mkono, ufuate waya wa manjano mpaka mwisho.