Dojo si muvi ya DJ Afro

Wasee wa Kitale, tuambiane ukweli. Kwa muvi, staring anaingia hekaluni, dakika tatu ametoka bingwa. Wewe nawe Jumatatu umejiunga na klabu, Ijumaa umehepa, ati kocha amewasimamisha magoti yamekunjwa saa nzima. Kwani ulidhani utaruka juu ya mabati?

Hata The Karate Kid ya 2010, Jackie Chan anafunza kung fu, si karate! Hakuna aliyeshtuka.

Hapo Bungoma, Faith Ogallo wa Chuo Kikuu cha Kibabii alipiga tizi ya taekwondo hadi Olimpiki ya Tokyo, 2021. Mnamjua? Bruce Lee mnamjua.

Na wazazi wanatazama muvi hizo hizo, wanasema tunafunzwa uhuni. Mamangu bado ananifichia nguo za mazoezi.