Mwezi wa Tano Usiokuwa Mei



Juma lililopita niliahidi kuendelea na suala la hati za mashamba ya urithi. Naomba radhi, nitalirudia. Jirani yetu mmoja amenipa ruhusa kueleza mkasa wake, bila ya kumtaja jina, nami naona zipo nyumba si haba humu mwetu zenye mkwe, mjukuu au mpangaji aliyetoka Ethiopia, ambazo jambo hili laweza kuzibishia hodi.

Jirani huyu ni mama wa Kioromo, mzaliwa wa Hararghe, mashariki mwa Ethiopia. Amekaa Mombasa hata mahamri yake hayatofautiki na ya wenyeji. Mumewe yuko Minnesota, Marekani, mahali penye Waoromo wengi, naye ndiye aliyewaombea yeye na mtoto wao wa pekee viza ya kumfuata. Mwanzoni mwa 2024 alinijia baada ya Alasiri ameshika barua mkononi. "Ami," akaniambia, "nisomee wewe, maana mwanangu amenisomea nikadhani amekosea."

Kijana hakukosea. Barua ilisema mambo mawili. La kwanza, kwamba kwa tarehe iliyoandikwa katika tafsiri ya cheti chake, kijana amepita miaka 21, na sheria ya uhamiaji ya Marekani humhesabu kuwa mtoto yule aliye chini ya umri huo na asiyeoa. La pili, kwamba cheti cha ndoa kinaonyesha nikaha ilifungwa 28 Mei 2005, ilhali mtoto amezaliwa 12 Mei 1999. Basi wazazi waeleze.

La pili ndilo lililomliza. Habari ya viza hakuitaja kabisa. Aliniuliza, "Ami, hii karatasi yasema nini juu yangu?"

Nilimwomba aniletee makaratasi yote, naye akaja na kopo la biskuti. Cheti cha kuzaliwa kilikuwa cha manispaa ya Dire Dawa, cha zamani, kimeandikwa kwa Kiamhari kitupu, kwa zile herufi zao ziitwazo fidel. Kilikuwa kimefasiriwa kwa Kiingereza katika duka moja la kupiga chapa hapa mjini. Tarehe ya kuzaliwa kwenye asili ilikuwa 12/5/1999. Mfasiri akaandika 12 Mei 1999.

Nikamwuliza mama, huyu alizaliwa lini hasa? Akajibu bila ya kufikiri: "Alikuwa akitambaa sikukuu ya mwaka elfu mbili." Nami, Mungu anisamehe, nikapiga hesabu kichwani: Mei 1999 hadi Januari 2000 ni miezi minane, na mtoto wa miezi minane hutambaa. Karibu niiamini karatasi, nimdhanie mama huyu jambo ambalo siliandiki hapa. Hapo kijana mwenyewe akaingia na sare ya shule, kidato cha tatu, ndevu bado ni manyoya ya kifaranga, anamwomba mamake nauli ya kesho. Kwa mujibu wa karatasi ile, huyo alikuwa mwanamume wa miaka 24.

Mwaka elfu mbili wa mama huyu si ule wetu. Ethiopia iliuingia mwaka 2000 tarehe 12 Septemba 2007, na nchi nzima ikausherehekea. Kalenda yao ina miezi 13. Kumi na miwili ya mwanzo ina siku 30 kila mmoja. Wa kumi na tatu, Pagume, una siku 5, au 6 katika mwaka mrefu. Mwaka mpya huingia mosi Meskerem, ambayo kwetu huwa 11 Septemba, au 12 Septemba ikiwa mwaka uliotangulia ulikuwa mrefu. Mwezi wao wa tano ni Tir, nao huanza takriban 9 Januari. Kwa hiyo 12/5/1999 ni tarehe 12 Tir 1999, ambayo kwa Miladia ni 20 Januari 2007. Na nikaha yao, iliyofungwa 20 Ginbot 1997, ni kweli ni 28 Mei 2005, kwa kuwa cheti cha ndoa kilifasiriwa Addis Ababa na mtu aliyeijua kazi yake. Mtoto alizaliwa katika ndoa, mwaka mmoja na miezi minane baada ya nikaha. Tarehe moja ilikuwa imegeuzwa na nyingine haikugeuzwa, na katikati ya mbili hizo heshima ya mwanamke ikavunjwa.

Sisi watu wa pwani tungepaswa kuwa wa mwisho kuangukia shimo hili. Twaishi na Hijria na Miladia katika ukuta mmoja wa kalenda. Hakuna miongoni mwetu atakayeona 12 Ramadhani akaandika 12 Septemba, eti kwa kuwa Ramadhani ni mwezi wa tisa. Kilichomponza mfasiri yule ni kwamba kando ya mwaka palikuwa na ufupisho wa maneno mawili ya Kiamhari yenye maana ya mwaka wa rehema. Hesabu yao nayo huanzia kwa Nabii Isa, na hivyo yeye akaona ni mwaka uleule wa Kizungu. Lakini wakale wao waliuhesabu mwanzo huo kwa namna nyingine, wakabaki nyuma miaka saba au minane. Tangu mwaka wao mpya hadi 31 Desemba huongezwa 7. Tangu 1 Januari hadi mwisho wa Pagume huongezwa 8. Mwaka ndio mwepesi. Siku ndiyo yenye mitego, kwa sababu ya ile miaka mirefu, hivyo mfasiri asiamini vidole vyake. Atazame jedwali, kisha aandike tarehe zote mbili, ya asili na ya Miladia, na kila moja iitwe kwa jina lake.

Saa nazo zilikuwa na kisa chao. Kadi ya hospitali ilisema mtoto amezaliwa saa 3 usiku. Mfasiri wa dukani aliandika saa tatu ya Kizungu, akampeleka mtoto karibu na alfajiri. Waethiopia huhesabu saa kama sisi, kuanzia macheo, na saa 3 usiku kwao ni baada ya Isha kama ilivyo kwetu. Mtu aliyezaliwa akiisema lugha hii ameacha kuitumia elimu aliyonyonya.

Kisha yakaja majina. Ethiopia hawana jina la ukoo. Mtu huitwa jina lake, la babake, kisha la babu, kama tusemavyo fulani bin fulani bin fulani, ila hiyo "bin" haimo. Mke haliachi jina la babake anapoolewa. Matokeo yake, baba, mama na mtoto humaliza kwa majina matatu tofauti, na afisa aliyezoea nyumba nzima kuwa na jina moja huanza kutilia shaka. Dawa yake si kuyapanga upya majina ili yafanane. Yaachwe kwa mpangilio wake, na mfasiri aeleze kwa mstari mmoja kwamba jina la pili ni la baba na la tatu ni la babu.

Jina la mama lilikuwa na tatizo jingine. Ni lile la binti wa Mtume, ambalo kwetu ni Fatuma. Katika tafsiri ya cheti cha mtoto liliandikwa Fatuma. Cheti cha ndoa, kilichotoka mahakama ya sharia ya kwao, kilikuwa kwa Kioromo, na tangu 1991 Kioromo huandikwa rasmi kwa herufi za Kilatini. Humo aliandikwa Faaxumaa. Herufi "x" kwao ni sauti ya "t" inayokazwa kooni, lakini nani Ulaya au Marekani atajua? Aonaye Fatuma hapa na Faaxumaa pale huona wanawake wawili, mmoja aliyezaa na mwingine aliyeolewa. Hili latakiwa kuelezwa waziwazi, na katika fomu zote jina lifuate tahajia ya pasipoti, hata kama wewe waiona mbaya. Na kumbukeni kwamba hati ya Ethiopia si lazima iwe ya Kiamhari. Yaweza kuwa ya Kioromo, Kisomali au Kitigrinya kulingana na jimbo, na asomaye moja huenda asijue nyingine.

Basi tulifanyaje? Mimi Kiamhari sikijui, na kufasiri usichokijua ni khiyana, hivyo tulimtafuta mwalimu mmoja Eastleigh, Nairobi, asomaye lugha zote mbili. Alifasiri upya kila neno lililo kwenye karatasi: maandishi ya muhuri, ya pembeni, ya nyuma, na palipotiwa sahihi akaandika kwamba pametiwa sahihi. Neno kebele, yaani ofisi ya serikali ya mtaa, aliliacha lilivyo na kulieleza, badala ya kulibandika jina la ofisi ya nchi nyingine. Chini akathibitisha kwamba tafsiri ni kamili na sahihi na kwamba ana uwezo katika lugha hizo. Marekani hutaka hayo. Waingereza hutaka pia tarehe, jina kamili, sahihi na mawasiliano ya mfasiri, naye akaviweka vyote, kwa kuwa havimgharimu mtu kitu.

Tafsiri ya kwanza hatukuificha. Ilikwisha kuwa mikononi mwa ofisi, na kuleta ya pili kimya kimya kungekuwa kama kukiri uongo. Tuliandika barua ya ukurasa mmoja: kosa ni hili, limetokea hivi, na ushahidi ni huu. Mama alitaka kueleza maisha yake yote tangu Hararghe, nilimzuia. Ushahidi ulikuwa kadi ya chanjo na daftari la shule ya chekechea ya hapa Mombasa, linaloonyesha mtoto aliandikishwa akiwa na miaka minne. Vitu hivi vina thamani kuliko watu wanavyodhani, kwani usajili wa vizazi kwa nchi nzima ya Ethiopia ulianza Agosti 2016 tu, na watu wazima wengi wana vyeti vilivyotolewa miaka mingi baada ya kuzaliwa. Afisa akiona hivyo hutaka karatasi kongwe zaidi. Kadi ya kliniki iliyochakaa msiitupe. Wala cheti cha asili msikifunike plastiki kwa mapenzi, kwa sababu wizara ya mambo ya nje kule Addis Ababa ikihitaji kukithibitisha, muhuri haupigwi juu ya plastiki.

Jibu lilichukua miezi. Lilipofika lilikuwa la mistari michache: siku ya mahojiano, vitu vya kuchukua, na majina ya waombaji na tarehe zao za kuzaliwa. Kwa kijana iliandikwa 20 Januari 2007. Mama hakuuliza mahojiano ni lini. Aliniomba nimsomee mstari ule mara ya pili, kisha akamwita mwanawe kutoka uani aje ausome yeye.