Dawa ya Moyo ni Jambo la Mkataba



Kiwandani kwetu hapa Kampala yuko mama mmoja wa idara ya kufunga makatoni ambaye kwa miezi minne mfululizo alikatwa mshahara wa siku moja kila mwezi. Hakuwa mtoro. Alikuwa akienda kupimwa damu, kwa sababu ana maradhi ya moyo na anameza dawa ya kuzuia damu isigande. Mwezi wa tano akapiga hesabu ya nauli, foleni na mshahara unaokatwa, akaona heri aache kwenda. Dawa yenyewe aliendelea kuimeza nyumbani kwa kukisia. Mwezi wa saba aliamka mdomo umepinda na mkono wa kuume hauinuki. Yu hai, twamshukuru Mungu, na anatembea kwa fimbo. Lakini makatoni hafungi tena.

Msimamizi alipoulizwa alijibu, "Dawa anakunywa nyumbani kwake. Kiwanda kinahusikaje?" Na baadhi ya wenzetu wa kamati ya tawi walinyamaza, kana kwamba jibu hilo ni la haki. Mimi nasema si la haki, na ndiyo maana nimeomba nafasi katika ukurasa huu.

Kwanza tuuelewe ugonjwa wenyewe. Moyo una vyumba vinne. Viwili vya juu hupokea damu na kuisukuma chini kwa mpigo ulio sawa. Katika maradhi ambayo madaktari huyaita fibrilesheni ya atria, vyumba hivyo vya juu haviminyi tena, vinatetemeka tu, na mapigo huwa ya ovyo, mara mbio, mara kama yamesita. Kwa wengine hali hiyo huja na kuondoka baada ya saa chache au siku kadhaa. Kwa wengine hukaa moja kwa moja. Mtu huhisi kifua kinapapatika, pumzi inakuwa fupi, miguu inakosa nguvu. Na wapo wasiohisi lolote. Hatari kubwa ni kwamba damu inayotuama katika chumba kinachotetemeka huganda, na donge likichomoka huweza kwenda hadi kwenye ubongo. Huko Framingham, Marekani, watafiti waliofuatilia watu kwa miaka mingi walionyesha mwaka 1978 kwamba mapigo haya huzidisha kiharusi kiasi cha mara 5. Na pale ambapo vali za moyo zimeharibiwa na homa ya baridi yabisi, kiasi cha mara 17.

Hapo pa mwisho ndipo petu. Katika nchi tajiri ugonjwa huu ni wa wazee zaidi. Kwetu huwapata pia watu walio katika umri wa kazi, maana wengi wao waliumwa koo utotoni lisitibiwe, homa ya baridi yabisi ikaja ikapita, ikaacha makovu kwenye vali. Ni ugonjwa unaolelewa na msongamano, na vyumba vya kupanga vya Bwaise na Kisenyi twavijua, na kambi za mashamba twazijua. (Mwenye mtoto aliyeambiwa moyo wake umeanza kuguswa asikate tamaa. Utafiti wa Gulu, uliotangazwa mwaka 2021, uliwapa watoto 399 sindano ya penisilini kila wiki nne; baada ya miaka miwili moyo ulikuwa umezidi kuharibika kwa watoto 3 tu, na kwa wengine 400 wasiopewa sindano ulizidi kwa 33.)

Sasa, tiba. Mgonjwa hulala hospitali siku chache, kisha hurudi nyumbani na vidonge. Vipo vya kupunguza mbio za moyo, kama atenololi, bisoprololi au dijoksini. Na kipo kidonge cha kuzuia damu isigande, ambacho kwa wengi wetu ni warfarini. Vya kwanza humfanya mtu ajisikie nafuu. Hiki cha pili hahisi kazi yake hata kidogo, na ndiyo sababu watu hukiacha.

Hapa nataka kuonya jambo moja. Wapo wenye ndugu London au Boston wanaosikia kwamba kuna kidonge cha kuweka mfukoni, ukishikwa na mapigo unameza na moyo unatulia. Ni kweli kipo. Madaktari wa Italia walieleza mwaka 2004 jinsi wagonjwa wao walivyomeza flekainidi au propafenoni nyumbani, na mara nyingi mapigo yakarudi sawa kwa muda wa kama saa mbili. Lakini wagonjwa hao walichaguliwa, hawakuwa na ubovu mkubwa wa moyo, na walikuwa wamejaribiwa dawa hiyo kwanza hospitalini. Kwa mtu ambaye vali zake zimeharibika au moyo wake umetanuka, dawa za namna hiyo zaweza kumwua. Ndugu akikuletea kopo katika begi, mpelekee daktari wako kabla ya kulifungua.

Kuhusu warfarini, maneno ya kiwandani ni mengi. "Wanakulisha sumu ya panya." Kicheko hicho kina ukweli ndani yake. Dawa hiyo ilitokana na ng'ombe wa Amerika ya Kaskazini waliokuwa wakifa kwa kuvuja damu miaka ya 1920 baada ya kula majani yaliyooza. Wataalamu wa chuo kikuu cha Wisconsin wakatafuta kilichowaua, na mwaka 1948 warfarini ikaanza kuuzwa kama sumu ya panya. Mwaka 1955 Rais Eisenhower wa Marekani alipougua moyo alipewa hiyo hiyo. Tofauti ya sumu na dawa ni kipimo. Ikizidi, unavuja damu. Ikipungua, damu inaganda. Kipimo cha damu kiitwacho INR ndicho kinachoonyesha uko upande gani, na kwa wengi daktari hutaka kiwe kati ya 2 na 3.

Namba hiyo haitulii. Wiki ukila dodo na sukuma wiki kwa wingi, inashuka. Si kwamba mboga zikatazwe, ila ziliwe kwa kiasi kile kile. Ukinunua metronidazoli dukani kwa ajili ya tumbo, inapanda. Ukimeza aspirini au diklofenaki kwa sababu mgongo unauma baada ya zamu, unajiongezea hatari ya kuvuja damu. Waragi nayo huivuruga. Dozi ukiisahau leo, usimeze mbili kesho. Na akina dada wanaotarajia kupata mtoto wamwambie daktari mapema, maana warfarini yaweza kumdhuru mtoto tumboni. Mimi si daktari. Haya ni yale ambayo mgonjwa huambiwa mara moja tu, akiwa amesimama mlangoni, na karatasi mkononi.

Wengine watauliza kwa nini tusitumie dawa mpya zisizotaka kupimwa damu kila mara. Zipo, na mtu asiye na ubovu wa vali anaweza kuandikiwa na daktari. Lakini utafiti uliofanywa katika nchi 24 za Afrika, Asia na Amerika ya Kusini kwa watu zaidi ya 4,500 wenye moyo ulioharibiwa na baridi yabisi, wengi wao wanawake, ulitangazwa mwaka 2022, na waliotumia dawa za kundi la warfarini walikufa wachache kuliko waliopewa rivaroksabani, iliyo mojawapo ya dawa hizo mpya. Kwa hiyo kwa watu wetu sindano ya kutoa damu itaendelea kuwapo. Na ikiwa ipo, nani anaipa nafasi?

Hilo ndilo neno langu. Dawa inamezwa nyumbani, lakini saa za nyumbani zimepangwa na mwajiri. Warfarini yataka saa ile ile kila siku, nasi zamu zetu hubadilika kila wiki. Maabara hufunguliwa saa zile zile tunazotakiwa kuwa kwenye mashine. Taasisi ya Moyo ya Uganda ipo Mulago tangu 1988, na mtu wa Kampala angalau anaweza kufika kwa taksi. Mchuma chai wa Fort Portal anayetakiwa huko ana kilomita karibu 300. Na mkata miwa anayemeza warfarini anashika panga kutwa nzima, na jeraha ambalo kwa mwenzake lingefungwa kwa kitambaa, kwake halikomi. Huyu anaficha ugonjwa wake kwa nyapara kwa sababu anaogopa kufukuzwa. Akianguka akigonga kichwa, hakuna hata mmoja hapo ajuaye kwamba mtu huyu hapaswi kuambiwa apumzike kivulini. Hospitali mara moja.

Sheria ya Ajira ya mwaka 2006 inampa mgonjwa mshahara kamili katika mwezi wa kwanza wa ugonjwa, na ugonjwa ukiendelea baada ya mwezi wa pili mwajiri anaweza kumwachisha. Imeandikwa kwa mtu aliyelala kitandani. Mgonjwa wa moyo halali kitandani. Yu kazini siku 25 za mwezi na anahitaji asubuhi moja tu. Matajiri watasema watu watadanganya. Kadi ya kliniki ina tarehe, muhuri na namba ya INR. Nani atajitoboa mshipa kila mwezi kwa kutaka kutoroka saa nne za kazi?

Wala lawama zote zisiwe za mwajiri. Katika mkataba wa pamoja wa kiwanda chetu, tuliojadili wenyewe, kuna kifungu cha jeneza, cha gari la maiti na cha posa ya chakula cha matanga. Tulibishana juu ya jeneza siku mbili. Kipimo cha damu hakuna aliyekitaja, nami nilikuwa mezani.

Mkataba huo unafunguliwa upya mwaka huu. Nimekwisha kuandika kifungu ninachokipeleka kwenye kamati, na ninaomba matawi mengine yakitazame, yakirekebishe, hasa ndugu zetu wa mashamba wanaojua mambo ya panga kuliko mimi:

"Mfanyakazi anayetumia dawa ambayo daktari ameagiza ipimwe katika damu atapewa nusu siku kila mwezi kwa mshahara kamili, akionyesha kadi ya kliniki; na pale ambapo umbali ni mkubwa, siku nzima. Mfanyakazi anayetumia dawa ya kuzuia damu kuganda akiomba kuondolewa kwenye panga au mashine ya kukata, atahamishiwa kazi nyingine bila kupunguziwa mshahara. Habari za ugonjwa wake zitabaki kwa muuguzi wa zahanati, na kwa mtu mmoja wa zamu ambaye mgonjwa mwenyewe atamchagua."