Chama ni cha Baba?

Chama chako ulikichagua mwenyewe, au ulikirithi kwa baba kama jina la ukoo?

Tazama Oldonyiro, Isiolo, kwa Wasamburu na Waturkana. Kura zikikaribia, kaunti nzima huhesabiana: huyu Mborana, yule Msomali, huyu Mmeru, huyu wa msikitini, yule wa kanisani. Na chama? Mwaka 2013 gavana aliingia kwa URP, 2017 akashinda mgombea huru, 2022 Jubilee. Chama hubadilishwa kama shati, ukoo hubaki.

Kumpenda wa kwenu si dhambi. Lakini sokoni mbuzi hukaguliwa meno, haulizwi kabila la mwenyewe. Leo mezani muulize mzazi wako: tunampigia nani, na kwa nini?