AKUFAAYE KWA DHIKI NDIYE MCHUMBA

Leo nataka tuzungumzie jambo ambalo hapa shuleni husemwa kwa kunong'ona tu, yaani urafiki wa mvulana na msichana. Wawili wakionekana wakifanya hesabu pamoja chini ya mti, basi, maneno yashaanza. "Wale wana jambo!" Mwalimu wa zamu naye akipita, hukohoa mara tatu. Kwa maoni yangu tunakosea. Urafiki si dalili ya utovu wa nidhamu. Urafiki ndio msingi wa ndoa inayodumu, siku zake zikifika.

Nitatoa mfano mmoja. Mwaka wa 1950, katika Chuo Kikuu cha Cornell huko Marekani, msichana aitwaye Ruth Bader, mwenye umri wa miaka 17, alifahamiana na kijana Martin Ginsburg, aliyekuwa na miaka 18. Hawakuanza kwa barua za kunyunyiziwa manukato. La hasha! Kila mmoja alikuwa na mpenzi wake kwingine. Wao walikuwa marafiki wa kuongea na kucheka tu. Baadaye Ruth alieleza kuwa Martin ndiye kijana wa kwanza aliyejali kwamba yeye ana akili. Walioana Juni 1954, mwezi uo huo Ruth alipomaliza digrii yake. Karibu miaka minne! Haraka haraka haina baraka.

Sasa mtauliza, urafiki huo uliwafaa nini? Mwaka wa 1956 Ruth aliingia Harvard kusomea sheria, akiwa na mtoto wa miezi 14. Wanawake darasani mwao walikuwa 9 tu kati ya wanafunzi 500 hivi. Martin alikuwa mbele yake kwa mwaka mmoja. Mara Martin akapatwa na saratani. Ruth alihudhuria masomo yake, akakusanya maandishi ya masomo ya mumewe kutoka kwa wenzake, usiku akampigia chapa kazi zake, na mtoto akamlea. Martin alipona, akahitimu mwaka wa 1958. Je, sura nzuri peke yake ingeweza kubeba mzigo kama huo?

Naye Martin hakusahau. Mwaka wa 1980 Ruth alipoteuliwa jaji wa rufani mjini Washington, Martin aliacha kufundisha katika Chuo Kikuu cha Columbia, New York, akamfuata mkewe. Mwaka wa 1993 alihangaika huku na huku kumpigia debe hadi Ruth akawa jaji wa Mahakama ya Juu ya Marekani. Nyumbani, mpishi alikuwa Martin! Ruth hakujua kupika, na watoto wenyewe walishukuru alipoachana na jiko. Martin alifariki Juni 2010, siku chache tu baada ya kutimiza miaka 56 ya ndoa. Ruth alimfuata mwaka wa 2020.

Najua wako watakaosema, "Ah, hao ni Wazungu, tena walikuwa na uwezo." Sawa. Lakini ugonjwa haubishi hodi kwa kuangalia rangi ya mlango, na kuosha sufuria hakuhitaji Kizungu. Hata kwetu, wazee waliokaa pamoja miaka mingi utawaona jioni wakipiga gumzo kama watoto. Uzuri wa ujanani ulishakwenda zake. Kilichobaki ni urafiki.

Ndiyo maana huniuma kusikia msichana akiambiwa eti akisoma sana atakosa bwana. Wako wasichana wanaoficha karatasi za mtihani ili mvulana fulani asijue wamemshinda. Dada yangu, mvulana anayekutaka uwe mjinga ndipo akupende, huyo atakufaa siku gani? Nanyi kaka zangu, msichana akikupita katika Fizikia, usimzomee. Mwombe akufundishe. Ni bure!

Hata hivyo, nisieleweke vibaya. Sisemi tuanze uchumba kidato cha tatu. Wangapi wameacha masomo kwa kukimbilia ya wakubwa? Ninachosema ni kwamba tujifunze sasa kuheshimiana, kubishana bila matusi na kusaidiana. Hayo hayafunzwi siku ya harusi.

Na kwenu walimu wetu wapenzi, kwa heshima na taadhima, twawaomba mtenganishe pumba na mchele. Wanaojificha vichakani waadhibiwe. Lakini wawili wakiwa uwanjani mchana kweupe, vitabu vimefunguliwa, waacheni wasome. Mkiwatawanya hao, mtabaki na wale wa vichakani, na wale hawana vitabu.

Ni mimi mwenzenu, Kidato cha Tatu.