Keki ya ghorofa tatu bila deni la miezi mitatu

Kamati ya harusi ikikaa pale Makina au Kawangware 46, hesabu ya keki huja mwisho, baada ya hema, viti na pilau. Pesa zimeshapungua. Hapo ndipo mtu husema, "Tukope kidogo tu, tusiaibike mbele ya wakwe." Sisi tunapinga. Mkopo wa simu una ada, na Fuliza ukiichelewesha inahesabiwa siku kwa siku. Maharusi wana kodi ya nyumba inawangoja, na keki italiwa kwa nusu saa.

Hatusemi mle mandazi. Keki ndefu inawezekana, ila msichanganye keki ya kuangaliwa na keki ya kuliwa.

Tupige hesabu. Ghorofa tatu za inchi 10, 8 na 6, zikikatwa vile vipande vyembamba vya harusi, hutoa kama vipande 74. Wageni wakiwa 200, bado mtanunua nyingine. Basi mwambieni fundi wa keki ghorofa mbili za chini ziwe za foamu ngumu, ile nyeupe ya kupakia TV, zipakwe aisingi. Ya juu ndiyo iwe keki yenyewe. Wageni wale keki za trei zinazokatwa nyuma ya hema. Trei ya inchi 9 kwa 12, ukikata vipande vya inchi 1 kwa 2, hutoa vipande 54. Trei nne zinatosha na kubaki. Hazina mapambo, kwa hivyo mnalipia hasa unga, mayai na sukari (nayo sukari tunaijua ilivyo).

Kuna wanaosema foamu ni udanganyifu. Uingereza mwaka 1940, wakati wa vita, serikali ilikataza keki kupakwa aisingi, na watu wakawa wanakodi vifuniko vya kadibodi kufunika keki ndogo mezani. Waliolewa vizuri tu. Muhimu ni MC ajue mapema kisu kinaingia ghorofa gani. Kikikwama kwenye foamu, video itafika ushago kabla yenu.

Keki isisafirishwe ikiwa imeshasimama. Kutoka Kibera Drive kuingia Laini Saba kuna mahali gari halipiti, na mvua ikinyesha hata bodaboda inateleza. Kila ghorofa ije na boksi lake, zipangwe palepale. Foamu ni nyepesi, kwa hivyo ya chini igundishwe kwenye ubao mzito, la sivyo upepo wa uwanjani utaiangusha. Kama mmeamua yote iwe keki ya kweli, kila ghorofa inayobeba nyingine itiwe vijiti vinne au vitano ndani, vilivyokatwa sawa na kimo chake, na ile ya juu ikae kwenye kadibodi yake. Bila hivyo inazama. Kreti za soda zilizofunikwa shuka nyeupe ya mitumba kutoka Toi zinaongeza kimo bila kukodi stendi. Weka gilasi ya maji juu ya meza uone kama imelala sawa. Na msiiache chini ya mabati saa saba mchana, krimu ya siagi itatiririka.

Sasa malipo. Tuseme bei ni shilingi 15,000. Ukilipa yote mapema umejifunga mikono. Ukikataa kutoa dipoziti unamwonea fundi, kwa sababu unga atanunua kwa pesa yake. Sisi tungetuma 6,000 ya vifaa, 5,000 keki zikishaokwa na picha imekuja, na 4,000 ikishasimama mezani. Makubaliano yaandikwe kwa meseji. Kabla ya kuthibitisha pesa itoke, soma jina linalotokea kwenye simu. Ukiambiwa "tuma kwa nambari ya ndugu yangu," mpigie fundi kwanza kwa ile nambari uliyoizoea. Huduma ya kurudisha pesa ni ya mtu aliyekosea nambari. Haiwezi kuamua kama keki ilikuwa tamu au ilikuja imepinda, na wengi hulijua hilo jioni ya harusi.

Tuongeze moja ambalo kamati nyingi hazilitazami. Michango isitumwe kwenye laini ambayo mweka hazina anaitumia kila siku. Kama anadaiwa Fuliza, mchango ukiingia unakatwa kwanza kulipa deni lake, hata kama yeye ni mwaminifu kabisa. Atafute laini isiyo na deni, au kamati ifungue akaunti ya kikundi.

Na kama stendi ni ya kukodi, kubalianeni mapema dipoziti yake inarudi kwa nani na kwa nambari gani, kwa sababu Jumatatu kamati huwa imeshavunjika na kila mtu yuko kazini.