Mikono Inayopapasa

Katika jumba la National Gallery, London, kuna mchoro mkubwa wa Mfaransa Paul Delaroche, wa mwaka 1833. Unaonyesha kifo cha Lady Jane Grey, aliyetangazwa malkia wa Uingereza Julai 1553, akatawala siku tisa tu, na kukatwa kichwa tarehe 12 Februari 1554 kabla hajafikisha miaka 18.

Binti amefungwa kitambaa machoni. Amepiga magoti, na mikono yake inapapasa hewani ikitafuta gogo la kulazia shingo. Mzee mmoja amemwinamia, anamwelekeza polepole, kama baba na mtoto. Mwenye shoka anasubiri pembeni. Chini yametandazwa majani makavu ya kunyonya damu, ingawa damu yenyewe haipo. Kinachotuumiza ni mikono ile: tunajua inatafuta nini, tunatamani isikipate.

Wapo wanaosema Delaroche anatafuta machozi ya bure. Ni kweli kwamba amebadilisha mambo. Jane aliuawa nje, uwanjani mwa ngome, akiwa amevaa nguo nyeusi. Hapa yumo chumbani gizani, na gauni jeupe. Hayo tunamsamehe. Tunachomdai ni mtu aliyemwacha nje ya mchoro: John Feckenham, mmonaki Mbenediktini.

Malkia Maria, Mkatoliki, alimtuma Feckenham amvute Jane, Mprotestanti, kwenye imani yetu kabla ya kufa. Walijadiliana sana; Jane hakugeuka. Hata hivyo alikubali mmonaki huyo amsindikize hadi jukwaani, na hapo akasali Zaburi ya 51 kwa Kiingereza. Ndiyo hiyo hiyo ya Masifu ya Asubuhi kila Ijumaa, ambayo wengi wetu waseminari huisali macho bado mazito.

Hukumu ilikuwa ya uhaini, si ya uzushi, na baba yake Jane alikuwa ameingia katika uasi. Tunalijua hilo, na tusilifanye kichaka cha kujifichia. Ni rahisi kumlilia msichana mwenye gauni jeupe. Ni vigumu zaidi kukumbuka kwamba aliyetia saini alikuwa akishiriki Misa kama sisi.

Ndiyo maana, kila tunapoutazama mchoro huu, tunaishia kwa yule mzee. Uso wake umejaa huruma, mikono yake ni mipole kabisa. Na bado inampeleka kwenye gogo.